Shangazi, mwanangu wa darasa la nne amenishinda kinanda

Shangazi shikamoo,

Naandika hii nikiwa kwenye mwendokasi, leo nimepata siti kwa hiyo nisamehe kama itakuwa ndefu maana siti sio kitu cha kila siku.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, ni mhasibu kwenye kampuni moja hapa mjini na nyumbani ni Kimara kule ndani, yaani ukishuka kituoni bado unapanda boda. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri narudi saa mbili usiku na hiyo ndo siku nzuri. Siku mbaya ni zile zinazokaribia tarehe 7 ya PAYE na tarehe 20 ya VAT, za kupeleka kodi za kampuni TRA, hapo hata jina la mtoto wa mwisho nalisahau.

Sasa mwaka huu mwezi wa nne nilinunua kibodi. Kariakoo, ya mtumba, ile ya funguo 61, walianzia laki sita nikabembeleza mpaka laki nne na nusu. Ni hamu ya siku nyingi shangazi. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa kwaya kwetu Moshi, usharikani kulikuwa na kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu kinachovuta upepo, na sisi watoto tulipigwa marufuku kukisogelea baada ya kaka yangu kukimwagia uji. Basi hamu ikabaki hapo. Mimi naimba alto toka sekondari, na sol-fa, zile noti za herufi za do re mi, bila kujisifu nasoma vizuri, nipe karatasi niambie doh ni G naanza.

Nikatafuta mwalimu, kijana wa miaka 25 hivi, anapiga kweli huyu mtoto, namlipa elfu 30 kwa kipindi kila Jumamosi saa nane mchana. Amenianzishia noti za mistari mitano, skeli, na nyimbo za mtihani wa gredi ya 1, na ndo hizo hizo toka mwezi wa tano. Katikati ya wiki siwezi kugusa, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada najifungia chumbani masaa matatu mazima. Kibodi inakaa juu ya kabati imefungwa kanga kwa ajili ya vumbi, naishusha, naiweka kitandani, natafuta waya, natafuta ekstensheni, nikishapata umeme unakatika.

Tatizo lenyewe ni hili. Mkono wa kulia peke yake unaenda. Wa kushoto peke yake nao unaenda. Nikiunganisha tu wa kushoto unaanza kumuiga mwenzake kama kasuku, wa kulia ukipanda na wenyewe unapanda, wa kulia ukisimama na wenyewe kimya. Nafika mstari wa pili nakosea, narudi mwanzo, nafika pale pale nakosea, narudi mwanzo. Miezi sita wimbo mmoja shangazi, na viganja vinaniuma mpaka Jumatatu nikishika mausi ya kompyuta nasikia.

Halafu kuna wiki mbili zilizopita. Nimetoka kwenda kuangalia jikoni, mwanangu wa darasa la nne akapanda kitandani akaupiga ule wimbo wangu, mkono wa kulia wote toka mwanzo hadi mwisho, hajafundishwa na mtu. Nimerudi ananiuliza, "Mama, mbona we unaishiaga hapa kila siku?" Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Mi nikaenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie nalia.

Na la mwisho ndo linaloninyima usingizi. Mpiga kinanda wetu wa kwaya kahamishiwa Dodoma kikazi mwezi wa nane. Mimi na mdomo wangu nikamwambia mwenyekiti kwamba siku hizi najifunza. Jumatano ile akasimama mbele ya kwaya nzima akatangaza kuwa Krismasi dada yetu huyu ndo atatupigia, nyimbo sita, watu wakapiga vigelegele na mimi nikajikuta natabasamu kama nimekubali. Zimebaki wiki tisa. Toka siku hiyo sijakanyaga mazoezini, kila wiki nasema nimebanwa na kazi.

Mwalimu wangu anasema mtu mzima vidole vinakuwa vimeshakomaa. Mume wangu anasema niuze tuongezee tununue friji. Nimeanza kuwaamini wote wawili. Niache shangazi?

Vidole vya Mbao, Kimara

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimecheka pale kwa uji, nisamehe.

Tuanze na mtoto maana naona ndiye aliyekuumiza zaidi kuliko hata hiyo Krismasi. Huyo mtoto ameusikia huo wimbo kila Jumapili masaa matatu kwa miezi sita kupitia mlangoni. Kama ungekuwa unamuimbia majedwali ya kuzidisha angekuwa ameyamaliza. Wewe ndo umemfundisha bila kujua, na kapiga mkono wa kulia tu, mkono ambao na wewe unasema unaenda, kwa hiyo hapo mko sare. Mpe wa kushoto uone atakavyokwama. Tofauti yenu ni kwamba yeye akikosea anacheka anaendelea, wewe ukikosea unaona aibu unarudi mwanzo.

Na hapo kwenye kurudi mwanzo ndipo penye ugonjwa wako, sio kwenye umri. Hebu hesabu kwa akili ya kihasibu. Mstari wa kwanza umeupiga labda mara mia tano toka mwezi wa tano. Ile sehemu ya mstari wa pili unayokosea umeigusa mara mia tano pia, ila mara zote hizo umeipiga vibaya halafu ukaikimbia. Vidole havijui kwamba ulikuwa unakosea, vyenyewe vinajua hicho ndicho ulichokuwa unavifundisha, kufika pale na kuanguka. Mwanangu, umeanguka vizuri sana kwa miezi sita.

Kwa hiyo kesho usianzie mwanzo. Anzia pale pale penye shimo. Chukua noti mbili kabla ya kosa na mbili baada yake, nne tu, pole pole kiasi kwamba haiwezekani kukosea, yaani polepole ya kuchosha hadi mtu akipita akuulize kama umelala. Kibodi yako karibu hakika ina metronomu, kile kibonye kinachopiga tik tik, iweke 60 au hata 50. Ukipita salama mara tano mfululizo ongeza noti moja nyuma. Kisha nyingine. Hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka ukutane na mstari wa kwanza unaoujua, na utashangaa kwamba sasa kila unavyosonga mbele unaingia sehemu unayoijua zaidi badala ya kuingia gizani.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 44, nafundisha hisabati sekondari, madaftari ya kusahihisha yamejaa mpaka chini ya kitanda. Na mimi nilikuwa na Jumapili yangu ya masaa matatu kama wewe, nikaipenda kweli, nilijiona niko siriasi. Ilikuwa hasara tupu. Nusu saa ya kwanza nakumbuka nilichosahau toka wiki iliyopita, saa moja ya katikati ndo kazi, iliyobaki nimechoka na nafundisha vidole makosa. Ukishajifunza kitu cha vidole ubongo unakikaza usiku ukiwa umelala, kwa hiyo ukipiga siku moja umepata usiku mmoja, ukipiga siku sita umepata sita. Nataka dakika 20 kila siku, siku sita, ya saba pumzika. Jumla ni masaa mawili, nimekupunguzia bajeti lisaa zima na utapata zaidi, huko ofisini kwenu sijui mnaitaje hiyo.

Najua unasema dakika 20 nitatoa wapi narudi saa mbili. Wali ukishaufunika kwa makaa juu au umepunguza moto unakaa muda gani kukauka? Ndo huo huo. Na una saa yako ya kengele ya bure, ukisikia harufu ya ukoko funga kibodi. Siku za ugali tafuta muda mwingine maana ugali haukuachi uondoke. Na zile siku mbili tatu kabla ya tarehe 7 na tarehe 20 usijidanganye, piga dakika tano tu, vile vinoti vinne, ulale. Dakika tano sio sawa na sifuri.

Ila haya yote hayawezekani kibodi ikiwa juu ya kabati. Hii nasema kwa ukali kidogo. Kitu kilichofungwa kanga juu ya kabati ni sanduku la msiba, mtu anayerudi saa mbili usiku hawezi kushusha sanduku, kutafuta waya na ekstensheni, apige dakika 20, halafu apandishe tena. Tafuta pa kuiweka ikae hapo hapo wazi imechomekwa, tupia hiyo kanga juu tu kwa ajili ya vumbi. Stendi zile za mkasi zipo Kariakoo huko huko ulikoinunua. Mimi nilianzia kwenye meza ya kupigia pasi, inapanda na kushuka unavyotaka, ila usiniige kama una watoto wanaokimbia ndani.

Hivyo viganja vinavyouma ni kitanda hicho. Ukipiga kitandani umejikunja, kiganja kimepinda kama unabeba sinia. Ukikaa, kiwiko kiwe usawa wa funguo au juu kidogo tu, mkono unyooke, mabega yashuke. Meza ya chakula mara nyingi iko juu sana, weka mto kwenye kiti. Na ukiona bado panauma baada ya wiki mbili za kukaa vizuri nenda hospitali, usijikaze kiaskari.

Umeme ukikatika, geuza hiyo kibodi uangalie tumboni, nyingi za funguo 61 zina sehemu ya betri sita. Na ununue hedifoni, angalia tundu lake, mara nyingi ni lile kubwa la jeki ya gitaa na unahitaji kiadapta kidogo ambacho ni hela ya soda. Utapiga usiku wa manane na mumeo asisikie chochote zaidi ya tok tok ya plastiki. Na zaidi ya hapo, mtoto hatasikia, hatakuzidi tena.

Sasa mikono miwili. Hapa nataka nikae kidogo.

Unasonga ugali wewe? Nimeuliza swali la kijinga, umetoka Moshi uko Dar una watoto, unasonga. Ukisonga mkono wa kushoto unafanya nini? Umeshika sufuria na kitambaa, umeikaza isizunguke. Wa kulia ndo unapiga mwiko, unageuza, unakandamiza pembeni. Mikono miwili inafanya vitu viwili tofauti kabisa na kichwa chako kinawaza ada ya shule. Nani alikufundisha kutenganisha mikono? Hakuna. Uliweza kwa sababu mkono mmoja ulipewa kazi ya kijinga, kushika tu, wa pili ukapewa kazi yenyewe. Siku ya kwanza ukiwa na miaka tisa sufuria ilizunguka, ndiyo, uji ukakurukia, lakini hakuna aliyekwambia mikono yako imekomaa.

Nyimbo za mtihani wako zinatakaje? Zinataka mikono yote miwili isonge kwa wakati mmoja, hata kama ni rahisi. Kwa mtoto wa miaka saba anayepiga kila siku akirudi shule sawa, kwa wewe ni kuanzia darasa la tatu. Mpe mkono wa kushoto kazi ya kushika sufuria kwanza. Weka kidole kidogo cha kushoto kwenye do, tuseme do ni C, kibonyeze, kiache hapo hapo kinalia. Mkono wa kulia uchezeshe chochote, panda shuka do re mi fa sol, harakisha, simama. Wa kushoto usitikisike. Utaona unavyotaka kumfuata mwenzake, unasikia kabisa kidole kinataka kunyanyuka, we kikaze tu. Siku tatu za hiyo. Kisha wa kushoto ubadilishe mara moja kwa kila mapigo manne, usiguse zaidi. Do kwa kidole kidogo, fa kwa kidole cha shahada, sol kwa gumba, mkono haujahama hata sentimita, umeona? Hizo noti tatu ndo besi ya nusu ya nyimbo unazoimba kila Jumapili, zungumza na mtu wa besi yeyote kwenye kwaya yenu atakwambia maisha yake yote ni do, fa na sol.

Mkono wa kulia nao tunaupa kodi, yaani noti tatu zinazolia kwa pamoja. Sio za TRA tulia. Kodi ya kwanza ni do mi sol kwa pamoja. Ya pili watu wengi wanaruka mkono mzima kwenda kuipiga kule fa la do, hapo ndo wanapotea. Usiruke. Gumba libaki pale pale kwenye do, vidole viwili vingine visogee kitufe kimoja tu kwenda juu, mi iwe fa, sol iwe la. Umepata do fa la, ni kodi ile ile ya fa imekaa vingine. Ya tatu, toka do mi sol, sol ibaki pale pale, do ishuke iwe ti na mi ishuke iwe re. Ti re sol. Funga macho ufanye hizo tatu kwa kuzunguka, moja, mbili, moja, tatu, moja. Mkono unatambaa kama kinyonga, haurukiruki. Mi nilifanya hivyo juu ya meza ya ofisi ya walimu bila kinanda na wenzangu wakadhani nina wasiwasi wa ukaguzi.

Na hili la sol-fa. Umelisema kwa kulipita, bila kujisifu, wakati ndo mtaji wako wote. Kijana wako anakufundisha kana kwamba huna kitu kichwani. Sol-fa iliundwa kwa ajili ya watu kama wewe, mwalimu mmoja mwanamke huko Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeanza kuisuka, halafu mchungaji John Curwen akaichukua karne ya 19 akaieneza ili watu wa kawaida waimbe bila kwenda chuo cha muziki, wamisionari wakaja nayo huku, na leo kwaya zetu zinaimba sauti nne kwa herufi tu. Wewe ukiona s halafu d kichwa chako kinaisikia kabla mdomo haujafunguka. Kuna watu wamepita gredi kadhaa hawawezi hilo. Unachokosa ni ramani ya wapi hizo herufi zinakaa kwenye kibodi, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, sio miaka.

Kwa hiyo Jumamosi mwambie mwalimu, kwa heshima kabisa maana ni mwalimu hata kama angeweza kuwa mdogo wako wa mwisho, kwamba mtihani tunauweka pembeni kwa sasa. Ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya gredi, ABRSM, ipo toka 1889, haihami. Mpelekee karatasi ya kwaya ya sol-fa umwambie nataka hii. Kama ni mpigaji kama unavyosema atafurahi, si ajabu na yeye kachoka na huo wimbo. Noti za mistari mitano usiziache moja kwa moja, mpe robo ya kipindi, zitakufaa baadaye. Na hiyo ya vidole kukomaa mwambie shangazi kasema ni uongo. Mtu mzima anachelewa kwa sababu ana kazi na watoto na aibu, vidole havina kosa.

Kuna kitu utasikia watu wanakibeza, transpozi. Kile kibonye kinachopandisha au kushusha kibodi nzima ili wewe upige C wakati kwaya inaimba doh ni G. Wanaojua wanasema ni uvivu. Ni kweli, ni uvivu, na wapigaji wengi tu makanisani wanaishi kwa huo uvivu mwaka wa ishirini huu. Kwa Krismasi hii utumie bila aibu. Ila andika kwenye karatasi ya gundi namba ya wimbo ubandike juu ya kibodi, na ukimaliza rudisha sifuri kabla hujafanya kitu kingine chochote. Mimi Pasaka moja niliacha namba ya wimbo uliotangulia. Nikaanza, kwaya ikaingia kwa imani, kufika kiitikio masoprano wakaanza kunitolea macho mmoja baada ya mwingine, tena wakanyamaza kabisa, mzee mmoja wa besi peke yake ndo alikuwa anafurahi, kwa mara ya kwanza maishani sauti imemfikia. Tulimaliza. Mchungaji akasema amina kwa haraka sana.

Tukirudi kwa mwenyekiti. Nyimbo sita ndani ya wiki tisa huwezi, na kukwepa mazoezi kila Jumatano ndo kunafanya wazidi kuamini unajiandaa kuwashangaza. Kosa ni lake kutangaza bila kukuuliza lakini na wewe ulitabasamu, tuwe wakweli. Usimpigie simu maana atakubembeleza utakubali na za Pasaka. Mwandikie leo leo, ujumbe mfupi, kitu kama hiki: "Bwana Yesu asifiwe mwenyekiti. Nimefurahi kuaminiwa. Nimejipima, Krismasi nitaweza kupiga wimbo mmoja vizuri, sio sita. Hizo tano nitatoa sauti za kuanzia tuimbe bila kinanda. Wimbo wenyewe naomba nichague mimi. Jumatano nakuja." Basi. Usieleze VAT, usieleze mtoto.

Kuimba bila kinanda sio aibu, kwaya ngapi zimekua hivyo hivyo kwa mtu mmoja kutoa sauti kwa mdomo. Wewe utabonyeza do, kisha do mi sol do moja moja, kila sauti ishike yake, unatoa mkono. Hiyo unaiweza hata kesho. Na watu wakikuona umekaa pale kwenye kinanda mara sita, mara tano kwa sekunde kumi tu, na mara moja kwa wimbo mzima, nani atahesabu?

Wimbo uchague wa polepole, ambao besi haitangitangi, na ambao alto yake unaijua usingizini. Usipige sauti ya kwanza kabisa, wenyewe wanaiimba, wewe ni kodi mkono wa kulia na besi kushoto. Wiki za mwanzo piga huku unaimba alto yako kwa sauti, itakuwa ngumu kweli siku mbili halafu ghafla itakuwa ndo inayokushikilia. Na ikifika kama wiki ya sita usiendelee peke yako, waite wanakwaya wawili wanaokupenda waje waimbe sebuleni, wape na chai. Kupiga na watu ni kitu kingine, kwaya haikungoji. Ukikosea huruhusiwi kusimama. Mkono wa kulia ukipotea acha upotee, besi iendelee, ukiona mahali pa kuingilia ingia tena. Besi ndo sufuria, ikizunguka hiyo kila kitu kinamwagika, hizo kodi hata ukidondosha tatu nne waumini wanadhani ni staili.

Kwenye mwendokasi, siku ukipata siti, fungua karatasi ya wimbo kwenye simu, mkono wa kushoto weka juu ya mkoba, imba besi kimoyomoyo ugonge do fa sol kwa vidole vile vile, kidogo, shahada, gumba. Siku ukisimama ukabanwa na makwapa ya watu, shika bomba tu na hela yako.

Mumeo nisimpige sana, friji ni hoja na Dar ni joto, ila hiyo inajitegemea na laki nne na nusu ya mtumba hainunui friji ya maana. Mwambie tu kicheko cha siku ile kilikuuma. Kwa maneno hayo hayo, kilikuuma. Wanaume wengine mpaka waambiwe.

Na huyo wa darasa la nne akipanda tena kwenye kiti usimshushe. Mfundishe hizo noti tatu za kushoto, mpe besi yeye, wewe kaa kulia upige kodi. Kama sikosei ataharakisha, watoto wanaharakishaga, na utakuwa wewe unayemwambia polepole baba, tunaanzia pale ulipokosea.

Leo tarehe ngapi huko? Kama 20 imeshapita basi huna sababu, shusha hiyo kibodi kabla hujaupika wali.

Shangazi